Outlook inajifunga kila nikiifungua: fundi akiondoa Office, barua zangu zitabaki?

Swali: Ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Tanga inatumia Outlook ya Office 2016 kwenye kompyuta moja ya Windows 10. Barua za wateja, ankara na nyaraka za makontena zote zimo humo tangu 2017. Wiki iliyopita umeme ulikatika tukiwa kazini, na tangu siku hiyo Outlook ikifunguliwa inakaa kidogo halafu inajifunga yenyewe. Word na Excel hazina shida. Fundi anasema dawa ni kuondoa Office yote na kuiweka upya. Naogopa kupoteza barua. Nifanye nini kabla hajaja?

Jibu: Dada, pole na usumbufu. Nikuondolee kwanza hofu moja. Kuondoa Office hakufuti barua. Outlook ni programu ya kusomea na kutuma barua. Barua zenyewe zimekaa kwenye faili iliyo pembeni, na Office inapoondolewa faili hiyo huachwa pale ilipo. Fundi akiondoa Office, akairudisha, na asiguse kitu kingine chochote, utazikuta.

Kinachonitia wasiwasi ni hicho "kitu kingine". Office ikigoma kurudi vizuri, neno linalofuata kwa mafundi wengi ni "tupige window", yaani tuweke Windows upya. Window ikipigwa kwa kufomati diski C, folda ambazo Outlook huhifadhia faili zake huondoka nazo, kwa sababu kwa kawaida ziko C. Hapo ndipo watu hupoteza barua za miaka, wakidhani zilikuwa kwenye D au zilikuwa "mtandaoni". Kwa hiyo fundi asiketi kwenye hiyo kompyuta kabla nakala haijatoka nje yake. Na kwa kazi yenu hili halina mjadala: chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, ofisa wa forodha anaweza kudai nyaraka za mzigo ndani ya miaka mitano tangu uingizwe nchini, na nyingi ya nyaraka hizo ninyi mnazo kama viambatisho vya barua pepe.

Jambo la pili, nalo fundi wako hatalipenda: sidhani kama Office yako ndiyo mbovu. Word na Excel zinafanya kazi. Shida ilianza umeme ulipokatika Outlook ikiwa wazi. Mara nyingi hali hiyo huumiza faili ya barua, si programu. Kuondoa Office hakuigusi faili hiyo, na hakugusi hata mipangilio ya akaunti zako, ambayo Windows huitunza kwenye rejista yake. Office mpya ikiwekwa itasoma mipangilio ileile, itafungua faili ileile, na itajifunga vilevile. Ni sawa na kununua meza mpya wakati kilichochanika ni daftari.

Sasa tuanze kazi.

Kabla ya kunakili chochote, jua akaunti yenu ni ya aina gani, maana ndiyo inayoamua kama barua ziko kwako peke yako au ziko pia kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayopokea barua zenu. Huhitaji kufungua Outlook. Ingia Control Panel, pale juu kulia badilisha mwonekano uwe wa aikoni ndogo, kisha tafuta iliyoandikwa "Mail". Ukiibofya utaona kitufe cha "Email Accounts" na kingine cha "Data Files". Cha kwanza kitakuonyesha aina: POP, IMAP au Exchange. Cha pili kitakuonyesha faili zote ambazo Outlook inazitumia, na ukibofya "Open File Location" folda yenyewe inafunguka mbele yako. Madirisha yote mawili yapige picha kwa simu. Inaonekana jambo dogo, lakini jioni Outlook mpya ikianza kukuuliza maswali, picha hizo ndizo zitakazokujibia.

Ikiwa ni POP, na kwa anwani ya kampuni iliyowekwa 2017 na mtu wa kufunga kompyuta nadhani ni POP, barua hushushwa kutoka kwenye seva na kuwekwa kwenye faili yenye mwisho wa .pst. Kwa kawaida Outlook huacha nakala kwenye seva kwa siku 14 kisha huifuta huko. Maana yake, barua za 2017 hadi mwezi uliopita hazipo popote duniani isipokuwa kwenye hiyo faili moja. Itunze hivyo.

Ikiwa ni Exchange au Microsoft 365, barua zako kuu ziko kwenye seva na faili iliyo kwenye kompyuta, yenye mwisho wa .ost, ni kivuli chake tu. Ikifutika inajengwa upya kutoka kwenye mtandao. Angalia tu barua ambazo bado zimekwama Outbox, na uangalie kama kuna .pst ya pembeni.

IMAP ndiyo yenye mtego, na wengi huuingia wakidhani wako salama. Barua za IMAP ziko kwenye seva, kweli. Lakini kuanzia Outlook 2013, anwani za watu na kalenda unazoziandika ndani ya akaunti ya IMAP haziendi kwenye seva. Hubaki ndani ya faili ya .ost ya kompyuta hiyo, na Outlook yenyewe inakuonya: folda hizo zimeandikwa "This computer only". Mtu anafuta .ost kwa sababu ameambiwa itajijenga upya, barua zinarudi zote, kisha anafungua kalenda na kukuta ni tupu. Ikiwa wewe ni wa IMAP na unatumia kalenda ya Outlook kukumbuka tarehe za meli kufika, folda hizo lazima zitolewe kwenda kwenye .pst kwanza. Fungua Outlook kwa njia salama nitakayokueleza chini, ingia "File", kisha "Open & Export", kisha "Import/Export", chagua kutoa kwenda kwenye faili, chagua "Outlook Data File", na utie alama kwenye kuchukua folda za ndani. Ikikataa kukaa wazi hata kwa njia hiyo, nakili .ost kama ilivyo, na mtu yeyote asiifute.

Kunakili sasa. Funga Outlook, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone kama OUTLOOK.EXE bado imo kwenye orodha. Programu iliyojifunga vibaya mara nyingi hubaki nyuma ya pazia ikiwa imeishikilia faili, na utaambiwa faili inatumika. Imalize hapo kwa "End task".

Faili za .pst kwa Outlook ya 2010 na kuendelea huwekwa ndani ya Documents, kwenye folda iitwayo Outlook Files. Za .ost, na .pst zilizoanzia kwenye matoleo ya zamani, ziko kwenye folda iliyofichwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %localappdata%\Microsoft\Outlook kisha Enter. Usiishie hapo. Tafuta *.pst kwenye diski nzima. Outlook ina kawaida ya kuhamishia barua kuukuu kwenye faili ya pili iitwayo archive.pst pale mtu anapokubali kuhifadhi za zamani, na mtu huyo anaweza kuwa mfanyakazi aliyeondoka 2019. Barua zako za 2017 huenda ziko humo, si kwenye faili kuu.

Fleshi itakusumbua, nakuambia mapema. Fleshi nyingi za dukani huja na mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja inayozidi gigabaiti 4. Faili ya barua ya miaka yote hiyo yenye viambatisho inaweza kupita hapo kwa mbali. Windows itakuambia faili ni kubwa mno, hata kama fleshi ina nafasi ya gigabaiti 64 tupu. Dawa ni kuifomati fleshi kwa exFAT au NTFS, ukihakikisha kwanza haina kitu cha mtu ndani. Afadhali zaidi tumia diski ya nje.

Nakili, usihamishe. Ikimaliza, bofya kulia faili ya asili na nakala yake, fungua "Properties" na ulinganishe ukubwa kwa baiti, tarakimu kwa tarakimu. Kama kuna kompyuta nyingine yenye Outlook, ifungue nakala huko kwa "Open Outlook Data File" utazame folda. Inaweza kulalamika kwamba faili haikufungwa vizuri, hilo tunalitarajia. Kisha tengeneza nakala ya pili, na moja kati ya hizo ilale nje ya ofisi. Usitegemee OneDrive kwa faili hii: faili ya .pst hubadilika kila Outlook inapofunguka, OneDrive nayo inajaribu kuipandisha tena, na kwa intaneti ya bando utamaliza salio bila kupata nakala iliyokamilika.

Ikitokea kunakili kunakwama katikati kwa ujumbe wa hitilafu ya kusoma, au diski inatoa sauti ya kugonga, acha. Hapo ugonjwa ni wa diski na si wa Outlook, na kila jaribio linaiua zaidi. Mwambie fundi aitoe diski na kuisoma kwenye mashine nyingine kabla ya jambo lolote.

Vitu vidogo vinavyosahaulika viko kwenye folda za %appdata%\Microsoft. Signatures ina sahihi zenu zenye nembo. Templates ina violezo vya Word. Chukua zote mbili. Majina yanayojitokeza yenyewe unapoanza kuandika anwani yamo kwenye folda ya RoamCache, ndani ya ile iliyofichwa niliyokutajia, kwa hiyo nakili folda hiyo yote. Sheria za kupanga barua hutolewa ndani ya Outlook kwenye dirisha la "Rules and Alerts", kitufe cha "Options". Ikiwa Outlook haikai wazi, ziandike kwenye karatasi baadaye, si msiba.

Neno la siri, hilo ni msiba. Outlook imekuwa ikilikumbuka kwa niaba yenu miaka yote, na akaunti ikiwekwa upya italiuliza. Aliyeliweka huenda hayupo tena, namba yake imebadilika, na hakuna aliyeliandika. Leo, kabla ya fundi, ingia kwenye barua yenu kwa kivinjari, kupitia ukurasa wa webmail wa kampuni inayowahifadhia tovuti. Ukiingia, vizuri. Usipoingia, wapigie wakubadilishie, na usubiri hadi lifanye kazi. Andika pia majina ya seva ya kupokea barua na ya kutuma, pamoja na namba za milango (ports). Zilizosimbwa kwa kawaida ni 995 kwa POP, 993 kwa IMAP, na 465 au 587 kwa kutuma.

Nakala ikishakuwa salama, ndipo tutafute ugonjwa, na hii ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe kabla ya kumlipa mtu. Bonyeza Windows na R, andika outlook.exe /safe, ukiacha nafasi kabla ya alama ya /. Outlook itafunguka bila programu-jalizi zake, yaani vile vipande ambavyo programu za PDF, za kuzuia virusi na nyinginezo hujipachika ndani yake. Ikikaa wazi bila kujifunga, mwenye kosa ni kipande kimojawapo. Nenda "File", "Options", "Add-ins", chini kabisa chagua "COM Add-ins", zima vyote, kisha rudisha kimoja kimoja.

Ikijifunga hata hivyo, fungua Event Viewer, ambako Windows huandika hitilafu zake, upande wa Windows Logs, Application, na utafute mistari myekundu ya saa ilipojifunga. Ule wenye namba 1000 utataja OUTLOOK.EXE, na chini yake jina la moduli iliyoanguka. Upige picha umwonyeshe fundi. Fundi anayejua kazi atafurahi kuiona. Asiyeijua atakuambia haina maana, na utakuwa umejifunza jambo kuhusu fundi.

Kwa hali yako, dau langu liko kwenye faili. Office huja na kifaa cha kuitengeneza kiitwacho SCANPST.EXE, kilicho ndani ya Program Files, au Program Files (x86), kwenye Microsoft Office\root\Office16. Kama hakimo, tafuta jina lake kwenye diski. Funga Outlook, kifungue, kionyeshe .pst yako, kianze. Kikiona makosa kitakuuliza kama kitengeneze. Acha alama ya kuhifadhi nakala ilivyo kisha ukubali. Kirudie mpaka kiseme hakuna kosa, maana mara moja kwa kawaida haitoshi. Kwa faili kubwa kinaweza kuchukua saa nyingi, kwa hiyo kompyuta iwe kwenye UPS yenye betri nzima, au nakili faili kwenye laptopu ukaifanyie huko. Umeme ukikatika tena katikati ya matengenezo ni bora usingeanza. Barua zilizong'oka kwenye folda zake utazikuta kwenye folda ya "Lost and Found" au "Recovered Personal Folders". Kifaa hiki hukata sehemu zisizosomeka ili nyingine zipone, na ndiyo sababu sikutaka ukiguse kabla ya kunakili.

Kama ni .ost, usihangaike na SCANPST. Ukishatoa kalenda na anwani, ibadilishe jina tu iwe na mwisho wa .old, ufungue Outlook, na itajijengea nyingine.

Yote yakishindwa, rudi kwenye lile dirisha la "Mail", "Show Profiles", ongeza wasifu (profile) mpya, yaani seti mpya ya mipangilio ya akaunti, na uufanye uwe wa kwanza kufunguka. Wa zamani usiufute. Baada ya hapo kuna kutengeneza Office bila kuiondoa: Control Panel, "Programs and Features", bofya Microsoft Office, "Change", kisha "Quick Repair", ambayo haihitaji intaneti. Iko pia "Online Repair", ambayo kwa kweli ni kuiondoa na kuishusha yote upya, gigabaiti kadhaa. Kwa hiyo "kuweka upya" anakokuuzia fundi kumo tayari ndani ya Windows yako, na ni hatua ya mwisho kwenye orodha yangu.

Kama mtafika huko, muulize fundi ataitoa wapi Office. Ile ya kwenye fleshi yake, iliyokrakiwa, sitaki iwekwe kwenye mashine yenye barua za forodha. Vifaa vya kuifungulia leseni mara nyingi hudai uzime kinga ya virusi kwanza. Kama mlinunua, mara nyingi leseni imefungwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeisajili. Tafuteni anwani hiyo kabla ya kuondoa, maana kompyuta inaonyesha herufi tano za mwisho za ufunguo tu. Na ujue kwamba msaada wa Microsoft kwa Office 2016 ulifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, siku ileile na ule wa Windows 10. Itaendelea kufanya kazi, lakini ikiwa mtatoa fedha, zitoeni kwa toleo jipya badala ya kulipia kurudishwa kwa la zamani. Kwenye toleo jipya utakutana na swichi ya kukuhamishia kwenye "New Outlook". Iache kwa sasa. Ile ni programu nyingine, haitumii .pst kwa namna ileile.

Kurudisha ni rahisi kuliko unavyofikiri, ila usitumie "Import" kama kitu cha kwanza. Rudisha .pst iliyotengenezwa mahali pake, weka akaunti ya POP, na pale inapouliza barua zipelekwe wapi chagua faili iliyopo, "Existing Outlook Data File". Ikiwa hukuulizwa, ingia "Account Settings", bofya akaunti, kisha "Change Folder" chini yake. Folda zako zitarudi zilivyokuwa. Barua za siku 14 za mwisho huenda zikashuka mara ya pili kutoka kwenye seva. Futa zilizojirudia taratibu.

Kisha utaandika jina la mteja wa 2017 kwenye kisanduku cha kutafutia, na Outlook itakuambia hakuna kitu. Usishtuke, wala usimpigie mtu. Windows inatengeneza upya faharasa ya barua zote, na hadi imalize utafutaji hauoni za zamani. Bofya kisanduku hicho, fungua "Search Tools", kisha "Indexing Status", na utaona idadi ya barua zilizobaki ikipungua. Iache kompyuta ikiwaka na Outlook ikiwa wazi usiku kucha, kwenye UPS. Kwa sasa ingia kwenye folda yenyewe, zipange kwa tarehe, na ushuke hadi chini.